Umehama jimbo, hujahama ubaba!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Huyo bwana, baba wa mwanangu, simtaji, mnamjua. Ndiye yule aliyekuwa akituza bendi kwenye sherehe ya Uhuru hapa Minneapolis, anamwaga dola kama anaweka mbolea kwenye mahindi. Baadaye kimyakimya akahamia Texas.

Leo saa moja asubuhi mwanangu, miaka saba, kavaa buti moja. La pili halimwingii, vidole vimejikunja, na nje theluji ingemmeza twiga. Nikampigia baba yake. Kusikia sauti yangu tu, akasema nimpe mtoto. Nikaweka spika. Akamwambia: "Mwambie mama yako baba kahama jimbo. Mambo ya Minnesota yaliishia Minnesota."

Mtoto wa miaka saba! Akanigeukia, buti mkononi: "Mama, baba anasema kahama jimbo."

Sasa asikie huko aliko. Tangu 1994 sheria ya Marekani inalazimisha kila jimbo kuheshimu amri ya mahakama ya matunzo ya mtoto iliyotolewa jimbo jingine. Amri yetu ni ya Minnesota, na mimi na mtoto tuko hapahapa, basi hakimu wa Texas hana ruhusa ya kuibadilisha kienyeji. Ofisi ya matunzo inaweza kumwandikia mwajiri wake moja kwa moja, mshahara ukakatwa kabla haujamfikia. Ukiajiriwa kokote, jina lako linapelekwa kwenye orodha ya taifa ya waajiriwa wapya. Utajificha wapi, ndani ya injini ya lori?

Lakini hilo silo lililoniliza. "Mwambie mama yako"! Angeniambia mimi. Angenitukana kutoka Houston mpaka Alaska, ningemeza. Kambebesha mtoto!

Mbeba_Boksi: Pole dada. Ila hizo noti za kutuza bendi ndizo zilizokuvuta, tulikuwepo.

Mama Zu (mleta uzi): Zilinivuta, ndiyo. Mtoto kakosa nini?

Karanga_Mbichi: Nimekaa paleee nasoma komenti.

Bi_Mkubwa651: Mdogo wangu, makato yanashika vizuri mtu akiwa kaajiriwa. Huyo si anaendesha lori kwa fomu ya 1099, yaani kajiajiri mwenyewe? Hapo hakuna mshahara wa kukata kirahisi. Mbanie kwenye rejesho la kodi. Na deni likizidi dola 2,500, hapewi pasipoti.

Fundi_Gereji: Pasipoti ipi, Bi Mkubwa? Ana ya Bongo huyo, Marekani haihusiki nayo.

Bi_Mkubwa651: Basi asubiri siku ya kuomba uraia. Wanauliza kama unatunza watoto wako, na aliyekataa kwa makusudi anaweza kunyimwa.

Kaka_wa_Ghalani: Kina dada mnaeleza upande mmoja tu. Mimi nilipunguziwa saa kazini, sikwenda kuomba wanishushie, deni likapanda kama chachu. Nilipokwenda wakaniambia la nyuma halifutwi. Na mtoto sijamwona tangu Pasaka!

Mama Zu: Kaka yangu, pole kwa dhati. Saa zikipungua, unakwenda siku hiyohiyo kuomba. Na kumwona mtoto ni shauri jingine, lifungulie. Lakini wewe ulimwambia mwanao akamwambie mama yake kuwa umehama jimbo?

Kaka_wa_Ghalani: Hapana. Hilo hapana, dada.

Mama Zu: Basi. Buti mkononi kanitazama, hata kulia hakulia.

Shangazi_Columbus: Mwanangu, nitumie saizi ya mguu inboksi. Buti zinakuja. Huyo bwana nitaonana naye.

Mbeba_Boksi: Mkitaja kuhama jimbo mnanikumbusha mweka hazina wetu wa michango ya misiba. Kahama na daftari!

Fundi_Gereji: Lile la jalada jekundu? Nilitoa dola 200 maiti isafirishwe Moshi!

Karanga_Mbichi: Mimi nilitoa 50, kaniandika 20. Nina picha ya ukurasa.

Kaka_wa_Ghalani: Mimi hata hakuniandika. Msibani nikaonekana nimekuja kula pilau ya bure.

Mama Zu: Jamani, nani ana namba ya ofisi ya matunzo ya huko Texas?

Bi_Mkubwa651: Usihangaike na Texas. Anzia ofisi yako ya kaunti hapo, wao ndio watakaowaandikia wenzao. Kesho asubuhi nakupitia, beba nakala ya amri. Karanga, weka hiyo picha ya ukurasa tuione.

Shangazi_Columbus: Mweka hazina mwembamba, ana pengo? Mbona Jumamosi alikuwa mshenga hapa kwetu!

Fundi_Gereji: MSHENGA? Kwa mahari ya nani tena? Shangazi, usitoke hewani.