Nina RN tu, nataka kuwa nesi wa shule Minnesota. Hizi herufi zingine zote ni za nini?

NesiWaBaridi
Habari zenu wote. Mimi ni RN, yaani nesi aliyesajiliwa, hapa Minnesota. Nilisoma KRCHN, ile diploma ya uuguzi wa jamii ya Kenya, pale chuo cha KMTC, halafu nikapiga NCLEX, mtihani wa laiseni ya unesi, nikapata laiseni ya huku. Sahi niko kwa nyumba ya wazee shifti ya usiku, mgongo umeanza kulalamika na watoto wangu wananijua nikiwa nimelala tu. Wilaya yetu ya shule wametangaza kazi ya nesi, nikaona hapa ndio pangu, wikendi nyumbani, kiangazi nyumbani. Kufungua tangazo, wanataka LSN, wanataka PHN, na chini kabisa wameandika eti NCSN itakuwa faida. Kwani ni kazi ya kubandika plasta na kupima joto ama nimekosa kitu? 😅 Sasa naombeni mnieleze, kati ya hizi ipi ni ya lazima na ipi ni ya urembo, na je diploma ya nyumbani inatosha ama nirudi darasani, na ukishazipata unazitunza vipi maana nasikia kila moja ina tarehe yake ya kuisha.

MamaPacha_MN
Karibu dada. Mimi ni LSN, niko wilaya nyingine lakini jimbo ni hilo hilo, wacha nikupangie maana hata mimi zilinichanganya.

RN unayo, hiyo inatoka kwa bodi ya manesi. PHN pia inatoka kwa bodi hiyo hiyo, ni usajili wa nesi wa afya ya jamii, na huipati bila digrii ya uuguzi. Sasa LSN ndiyo laiseni yenyewe ya nesi wa shule na haitoki kwa manesi kabisa, inatoka kwa PELSB, bodi ile inayowapa walimu laiseni zao, na hao watakuuliza RN, PHN na digrii. Kwa hiyo mlango wako wa kwanza ni BSN, yaani hiyo digrii ya uuguzi, hiyo mingine inafuata nyuma yake. Diploma yetu ya KRCHN huku kwa kawaida haihesabiwi kama digrii, ingawa ukweli ni kwamba zile kazi za community tulizofanya kule mashinani za chanjo na kutembelea maboma ndizo kazi za nesi wa shule hasa.

Kitu kimoja naomba ushike. Kozi za RN kwenda BSN za mtandaoni ziko tele, lakini si zote zina mafunzo ya vitendo ya afya ya jamii yanayokubalika kwa PHN ya Minnesota, hasa kama chuo kiko jimbo lingine. Piga simu chuo KABLA hujalipa hata dola moja, uliza swali hilo hilo moja, na uwaambie wakujibu kwa email ili uwe na maandishi. Nimeona watu wamehitimu vizuri, picha na kofia, halafu PHN inakataa.

NCSN ni cheti cha ziada cha nesi wa shule, ni cha hiari. Inatolewa na bodi ya kitaifa, NBCSN, kwa mtihani, na inadumu miaka 5 ndio uifanye upya. Hiyo usiiwaze sasa.

Kipimajoto
Na hiyo ya plasta na joto wacha nicheke kidogo dada yangu 😂 Mimi niko Texas, shule ya msingi. Jana kabla ya saa sita mchana nilikuwa na mtoto wa kisukari mwenye pampu, tunahesabu kabohaidreti za chakula cha shule ndio apewe insulini, wa pili pumu imembana baada ya michezo, wa tatu mama ameleta fomu ya sindano ya epinefrini ya aleji ya njugu lakini daktari hajaisaini, na mwalimu amesimama mlangoni anauliza kama yule wa kifafa anaweza kwenda safari ya darasa. Hospitalini ungemwita daktari ama charge nurse, yule nesi mkuu wa shifti. Hapa daktari ni wewe, charge nurse ni wewe, na mtu wa faksi pia ni wewe. Ndio maana wanauliza makaratasi.

Ila kila jimbo na sheria zake. Sisi Texas RN ndiyo msingi, hakuna LSN, ila lazima upate cheti cha kupima macho na masikio kutoka idara ya afya ya jimbo. Uzuri mwingine nesi mwenye RN yuko kwenye ile ngazi ya mshahara wa chini ya jimbo pamoja na walimu. Ubaya ni kwamba hiyo ngazi yenyewe hainenepi, ukitoka nyumba ya wazee na zile ovataimu zako jiandae kisaikolojia.

Na mimi NCSN sioni maana yake kama wilaya haikuongezei hata senti. Ulipe mtihani, ulipe tena baada ya miaka 5, kwa ajili ya herufi nne kwenye email?

Mpemba_Philly
Kipimajoto hapo kwenye NCSN sikubaliani nawe moja kwa moja, wilaya nyingine zinaongeza kitu kwenye mshahara na nyingine zinarudisha ada ya mtihani, mtu aulize HR kwanza ndio aamue. Na kule kujisomea tu kwa mtihani kulinisaidia mambo ya mpango wa 504, ule wa kumsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu ama ugonjwa, na ya kumbukumbu za wanafunzi. Maana tunatoka hospitalini tukiimba HIPAA HIPAA, ile sheria ya siri za mgonjwa, kumbe faili la mtoto kwenye shule ya serikali kwa kawaida linakwenda kwa FERPA, sheria ya elimu, na mzazi ana haki ya kuliona. Ni mambo mawili tofauti kabisa.

Huku Pennsylvania nesi wa shule ana cheti cha idara ya elimu na sheria inasema nesi mmoja asizidi wanafunzi 1,500. Ndiyo, elfu moja na mia tano, wewe na plasta zako. Kwenye kutunza makaratasi ndipo pana kazi: RN inataka masaa 30 ya mafunzo kila miaka 2, na ndani yake yawepo 2 ya kutambua unyanyasaji wa watoto, halafu cheti cha elimu kinataka masaa 180 kila miaka 5. Ni kama una saa mbili za ukutani, kila moja na kasi yake. Mimi kila kozi kabla sijalipia natazama kama inakubalika pande zote mbili, na cheti kikitoka tu nakipiga picha nakiweka kwenye folda moja yenye jina, tarehe na idadi ya masaa. Usingoje mwaka wa mwisho, masaa ya haraka haraka ya mtandaoni ndiyo ghali na ndiyo yanayochosha.

MamaPacha_MN
Kweli kabisa Mpemba. Kwetu Minnesota RN ni masaa 24 kila miaka 2. Na mtu asidanganyike na ile laiseni ya majimbo mengi, inakubeba kwa RN peke yake, ukihama jimbo mambo ya idara ya elimu unaanza kuuliza upya.

san_ya_bweni
Nawasalimu kutoka Nakuru. Nawasoma huku nikishangaa, mimi ni nesi wa shule ya bweni, niko san, kile chumba cha wagonjwa cha shule, na makaratasi yangu ni laiseni ya Nursing Council na pointi za CPD, za mafunzo ya kujiendeleza, basi, hakuna aliyewahi kuniuliza cheti cha nesi wa shule. Wasichana mia kadhaa, usiku wakiumwa tumbo wanagonga mlango wangu. Mngekuwa na kozi fupi ya hayo mambo ya kisukari na kifafa shuleni ambayo mtu wa huku anaweza kuchukua ningefurahi.

Mpemba_Philly
@san_ya_bweni chama cha manesi wa shule wa huku, NASN, kina mafunzo ya mtandaoni, mengine ya kulipia. Ila kabla hujalipa uliza Council kama watakupa pointi.

NesiWaBaridi
Ahsanteni sana jamani, nimepata zaidi ya nilichouliza. Kwa hiyo BSN kwanza, PHN, halafu LSN, NCSN iketi pembeni kwanza. Swali la mwisho mama pacha, hii miaka ya kusoma ndio nibaki usiku na wazee ama kuna njia ya kuingia shuleni nikiwa RN tu?

MamaPacha_MN
Ipo. Sheria ya jimbo inataka wilaya yenye wanafunzi 1,000 kwenda juu iwe na angalau LSN mmoja wa muda wote ama mpango mwingine unaolingana, haisemi kila jengo liwe na LSN wake. Kwa hiyo wilaya nyingi zinaajiri RN wanaofanya kazi chini ya LSN, na pia wanatafuta wa kushikilia nesi akiwa hayupo. Angalia tena kwenye tovuti yao, usitafute "school nurse" pekee, tafuta na "health office" na "substitute". Malipo ya kushikilia si makubwa na hayana bima, kwa hiyo usiache usiku kabisa, punguza shifti. Halafu nitumie inbox jina la chuo unachofikiria, nina marafiki wamepita kadhaa hapa, nitawauliza kama PHN ilikubali.

Kipimajoto
Na ukipata hiyo siku ya kwanza, beba chai yako kwa thamosi. Hutapata muda wa kwenda kuichemsha.