Ibiza: tunalipa kiingilio kwenda kuwatazama wenye meza wakinywa

Wakuu, huu uzi una povu. Mwenye presha apite.

Tulio huku Ulaya kila kiangazi wimbo ni mmoja: Ibiza, Ibiza. Nami nikajibana, nikakata tiketi ya ndege na kiingilio cha klabu moja kubwa ya kile kisiwa cha Hispania (jina silitaji, sitaki kesi). Nilichukua kile cha bei nafuu, sharti lake uingie kabla ya saa saba usiku. Saa tano na nusu niko kwenye foleni. Haisogei. Pembeni kuna mlango mwingine wa kamba, magari yanashusha watu wa meza, yaani waliolipia meza zao za VIP, wanapita kama harusi ni ya kwao. Nafika getini saa saba na dakika kumi, baunsa anaskani simu yangu, kimashine kinawaka taa nyekundu. "Muda umepita, ongeza Euro 20."

Jamani! Si nyie mliotusimamisha hapo? Nikajaribu kujieleza, jamaa anaangalia juu ya kichwa changu utadhani sipo. Nikalipa. Ningefanyaje, na nyuma watu wanasukuma?

Ndani ndiko nilikochoka kabisa. Ukumbi wa kuchezea wameumega. Mbele ya dijei, pale pazuri pote, ni meza na masofa, na walinzi wa kuhakikisha hukanyagi. Sisi wa kiingilio tumebanwa nyuma, njia ya chooni. Na hao wa mezani hata hawachezi! Wamekaa, chupa inaletwa na msafara wa mabinti wenye fataki, simu zote juu zinarekodi chupa. Kichupa cha maji Euro 12. Ya bombani usijaribu, kule yana chumvi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina wanalotuuzia lilijengwa na watu wasiokuwa na meza. Amnesia ya hapo hapo Ibiza ilikuwa nyumba ya shamba, ikawa klabu mwaka 1976. Mwaka 1984 akapewa kazi ya udijei Alfredo Fiorito, Muargentina aliyekuja kisiwani akiikimbia serikali ya kijeshi ya kwao. Klabu tupu, watu wote wako Ku, klabu nyingine ya jirani. Yeye mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba usiku mmoja wakisubiri malipo, wafanyakazi wenzake wakamwomba awapigie kidogo. Waliokuwa wanatoka Ku wakapita, wakasikia, wakaingia. Siku zilizofuata wakaja wengi zaidi. Anachanganya roki, rege na haus (muziki wa dansi wa mashine) ya Chicago, nje, bila paa, mpaka jua linawaka, na tajiri anacheza bega kwa bega na mhudumu wa baa. Mwaka 1987 madijei wa Uingereza kina Paul Oakenfold na Danny Rampling wakamkuta hapo, wakarudi London na ule moto, na muziki wa klabu Uingereza haukuwa tena ule ule. Mzee amefariki Desemba 2024.

Sasa angalia kilichofuata. Klabu ya Space, iliyofunguliwa 1989, ile ya ndege kupita chini chini juu ya baraza watu wakizishangilia, dijei Carl Cox kapiga pale miaka 15. Mkataba wa pango ukaisha, Oktoba 2016 ikafungwa, mwaka uliofuata pale pale ikafunguliwa klabu mpya, Hï. Klabu ya Pacha ya tangu 1973, kampuni yake nzima ilinunuliwa 2023 na FIVE, kampuni ya mahoteli ya Dubai, kwa zaidi ya Euro milioni 300. Hela kama hiyo inarudi vipi kwa vijana wa kiingilio kimoja na maji mawili? Hairudi. Inarudi kwa meza, ndiyo maana sakafu inaliwa kila msimu.

Msije na "kwani ulilazimishwa?" Sikulazimishwa. Nilinunua tiketi, na tiketi ni mkataba. Foleni wanaiendesha wao, saa wanaishika wao, faini nalipa mimi. Huko mtaani kwetu huyo tunamwita tapeli, hapa anavaa suti na kifaa sikioni.

Anayekwenda msimu huu: piga picha ya foleni dakika unayofika, muda uonekane, na usimwachie baunsa simu yako.

Nimewaandikia barua pepe kudai Euro 20 yangu. Wamenijibu kwa kunitumia tangazo la Jumamosi ijayo, tiketi zile zile za kabla ya saa saba.