Saratani ya ngozi chini ya jicho: kupandikiza ngozi au kuvuta ya shavu?

Mwana_Rombo: Wakuu, mdogo wangu wa kike ana ualbino. Kinyama kilipelekwa maabara, jibu ni saratani ya ngozi, shavuni chini kidogo ya kope. Daktari anasema pengo litazibwa kwa ngozi ya nyuma ya sikio au kwa kuvuta ngozi ya shavu lenyewe. Binti anaogopa uso kwenda upande. Ipi afadhali?

BiStara: Poleni. Mimi nilipandikizwa kwenye paji la uso. Kimebaki kiraka kinachong'aa, nafunika na mtandio, maisha yanaendelea. Ila ngozi ya kupandikiza husinyaa. Pale chini ya jicho ikisinyaa inavuta kope, machozi yanachuruzika mchana kutwa.

NesiMstaafu: Bi Stara kasema kweli. Kope, mdomo na bawa la pua havina cha kuvishikilia, vikivutwa vinahama, na hapo ndipo uso unapoharibika. Ningechagua ngozi ya shavu: rangi na unene ni vilevile. Kovu litakuwa refu, lakini mvuto ukielekezwa upande wa sikio badala ya kushuka chini, kope linabaki mahali pake. Kwanza ulizeni kama kingo za nyama iliyokatwa zitapimwa kabla ya kuziba. Mzizi wa saratani ukibaki chini ya ngozi iliyohamishwa, kuutafuta baadaye ni kazi.

Juma_Tegeta: Mbona hamtaji kuacha kidonda kijifunge chenyewe? Mjomba alikatwa kona ya jicho, karibu na pua, akawa anasafishwa tu. Leo huoni kitu.

NesiMstaafu: Pale pana bonde, kaka, panajifunga vizuri. Shavu limebinuka, usijaribu.

Kikapu: Baba yetu alikatwa ncha ya pua, wakashusha ngozi ya paji. Wiki tatu hivi alitembea na mkia wa nyama katikati ya nyusi, wajukuu wakimkimbia, ndipo wakaukata. Pua imekaa.

Mwana_Rombo: Duh! Na uso unatulia lini?

NesiMstaafu: Kovu huchukua hata mwaka kulainika, msihukumu mapema. Likishafunga vizuri, alikande kila siku. Kofia pana, na mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yanayotengenezwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, asiache hata siku ya mawingu.

Mwana_Rombo: Shukrani. Habari ya kingo hatukuambiwa, Jumatatu naanza na hilo.