Mlezi wangu kikazi hamtaki ninayetaka kumwinua. Nifanyeje?

Mwalimu wa Kata
Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni mkuu wa shule, sekondari ya kata, huu ni mwaka wangu wa pili tangu nikabidhiwe ofisi. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nimefika hapa kwa mkono wa mkuu wa shule mmoja mstaafu, nitamwita Mama tu. Nilipangiwa shuleni kwake nikiwa nimetoka chuo, mpole, sijui hata kuandika barua ya kwenda kwa mkurugenzi. Saa kumi wenzangu wakienda zao, yeye ananikalisha ofisini na vocha za malipo na stakabadhi. Hii ililipwa nini? Nani kasaini? Mbona tarehe ya malipo imeitangulia ankara? Nikawa naona ananitesa. Alipoanza kunichukua kwenye vikao vya wakuu wa shule alinipa sharti moja: "Usishike chupa ya chai. Mkiwa wanawake wawili kati ya wanaume ishirini, ukishamimina mara moja umeajiriwa." Nilicheka, ila mpaka leo sijaishika.

Sasa shida. Mama amestaafu lakini hajastaafu. Ananipigia kila asubuhi kabla ya paredi. Anampigia mwalimu wa taaluma. Tulipojenga madarasa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inasimamia ujenzi bila mkandarasi, alimpigia fundi akamwambia aongeze nondo, na kibaya zaidi alikuwa sahihi. Walimu wanasema shule ina wakuu wawili, mmoja wa simu.

Makamu wangu anahama. Nataka kupeleka kwa afisa elimu jina la mwalimu wetu wa Hisabati, dada wa miaka 31. Ndiye aliyeisuka upya ratiba nzima walimu watatu walipohamishwa kwa mpigo. Mama hataki kusikia. Anasema mtoto wake ana miezi saba, "huyo bado ananyonyesha, atakuja kuaibisha wanawake wote." Ananipendekezea mwalimu wa kiume, mtu mzima, asiye na makuu. Nikimkatalia Mama sina shukrani, nikimkubalia sijui nitajitazamaje. Naombeni ushauri.

Chaki Nyeupe
Pole mwalimu mwenzangu. Ya sheria tuyamalize kwanza. Likizo ya uzazi hapa Tanzania ni siku 84, hizo keshazimaliza, na sheria ya ajira inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Hakuna palipoandikwa kwamba kunyonyesha kunamwondolea mtu sifa ya cheo.

Ila Mama yako simlaumu sana. Mama yangu mzazi alikuwa mwalimu. Alikuwa anaingia darasani maziwa yanamlowesha blauzi, anajifunika khanga mabegani kwenye joto la Tanga, na hakuthubutu kumwambia mkuu wake. Mtu aliyepita huko anaona anamwokoa huyo binti.

Mzee wa Chemli
Yale yale, wanawake hawapendani.

Chaki Nyeupe
Mzee, wanaume wawili wakigombania cheo mnaita siasa. Pita salama.

Binti Tuseme
Hili jina langu limetoka kwenye Tuseme, ile programu ya wasichana shuleni iliyoanzishwa na maprofesa Amandina Lihamba na Penina Mlama pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wa Afrika wanaotetea elimu ya wasichana, wakaisambaza nchi nyingine za Afrika. Wasichana mnakaa, mnataja kinachowakera shuleni, mnakiigiza mbele ya shule nzima. Sisi tuliigiza habari ya kubebeshwa madaftari mpaka majumbani kwa walimu. Mkuu wetu, mwanamke, alikaa kiti cha mbele. Hakupiga makofi. Lakini wiki ileile walimu wakaanza kubeba madaftari yao wenyewe, na hakuna mmoja wetu aliyeitwa ofisini.

Kwa hiyo nauliza. Nimesoma uzi wako mara mbili. Mama anasema huyo mwalimu asiwe makamu, wewe unasema awe. Yeye amesema nini?

Mwalimu wa Kata
Umenikamata. Nilimwambia "jiandae", akaguna, nikahesabu hiyo ni ndiyo.

Binti Tuseme
Basi na wewe umeanza kuwa Mama. 😅

Mwalimu wa Voi
Salamu kutoka Kenya. Muulize kabisa, tena muulize ni kitu gani hasa. Huku kwetu, TSC, tume inayoajiri walimu, ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu mbali na kwao mwaka 2018, wenzangu wawili wa kike walikataa kupandishwa cheo. Watu wakasema hawana ari. Mmoja alikuwa na mama mkwe aliyepooza nyumbani na hakuwa na wa kumwachia, ila hakumwambia mtu, alisema tu "sitaki". Ukisikia mwanamke anakataa cheo haraka hivyo, usiondoke na hilo jibu la kwanza. Pengine kizuizi chenyewe unaweza kukiondoa wewe kwa kalamu.

Bibi Ubao
Mimi mstaafu, nausoma uzi huu kama napigwa picha. Nilipokabidhi ofisi, siku ya tatu simu yangu ilinyamaza. Miaka kumi na minne naulizwa ufunguo wa stoo uko wapi, ghafla hakuna anayeniuliza hata saa. Nikaanza kupiga mimi.

Watu wanamtaja Mama Maria Kamm, aliyekuwa mkuu wa sekondari ya wasichana ya Weruweru, na anastahili, lakini wengi wetu tulilelewa na akina mama ambao hakuna atakayewaandika. Kozi za ADEM Bagamoyo, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu, utazipata, nenda, zitakusaidia. Ile ya chupa ya chai hutaipata kule. Kwa hiyo usimkate huyo mama.

Lakini mipaka weka. Nenda kwake, haya si maneno ya simu, na usiende mikono mitupu. La kwanza mwambie asiwapigie walimu wako. Liseme hilo kabla ya jina la makamu, maana ukianza na jina mtabishana hapo mpaka magharibi. Kisha mpe kazi. Mwambie ukweli, kwamba huyu mwalimu anajua ratiba ila vocha hajui, na wewe huna saa kumi za kumkalisha kama ulivyokalishwa.

Mzee wa Chemli
Hapa bibi umenena. Nafuta kauli.

Mwalimu wa Kata
MREJESHO. Asanteni nyote. Bibi Ubao, shikamoo.

Nilimuuliza mwalimu wa Hisabati. Kumbe cheo anakitaka! Kinachomtisha ni vikao vyetu vya uongozi vya saa kumi na moja jioni, kwa sababu dada wa kazi huondoka saa kumi na mbili na kutoka shuleni mpaka kwake ni bodaboda mbili. Saa hizo sikuzipanga mimi, nilizirithi kwa Mama, ambaye watoto wake walikuwa wameshakua. Nimevihamishia saa nane mchana, Jumatano. Ilichukua dakika tano, nimeona aibu.

Jana nikaenda kwa Mama na sukari kilo tano na kitenge. Nilianza na la simu, kama nilivyoelekezwa. Hakujibu, akaendelea kuchagua mchele kwenye ungo. Nikaja la makamu, na la kumfundisha vocha. Kimya. Nilipoanza kuaga ndipo akauliza, "Huyo mtoto ni wa kike au wa kiume?" Nikasema wa kike. Akasema, "Mama yake aje Jumamosi. Aje na mtoto. Na zile vocha za muhula uliopita."

Hajasema amekubali. Jina nalipeleka Jumatatu hata hivyo. Leo asubuhi kabla ya paredi simu haikulia, nikajikuta naitazamatazama.

Chaki Nyeupe
Hongera. Ila mwalimu, nyaraka za ofisi zisitoke ofisini! Peleka nakala.

Mwalimu wa Kata
Nilikuwa nimeshafika getini aliponiita kunikumbusha hilohilo.