Tunaotazama chemsha bongo kwenye runinga: unashindanaje ukiwa kwenye kochi? Tupeane uzoefu

JibuMdomoni:
Wakuu, uzi huu ni wa wagonjwa wenzangu wa Jeopardy!, Who Wants to Be a Millionaire, Mastermind na ndugu zao. Sisi tunaomjibu mtangazaji kwa sauti kana kwamba anatusikia. Sitaki kujua kipindi gani ni bora, hilo halina mwisho. Nataka kujua unatazamaje: unahesabu alama? Unaandika? Unagombana na nani?

Nianze mimi. Zamani nilikuwa nikipata najisifu, nikikosa nasema nilikuwa nalijua ila limenitoka. Kisha nikakutana na hesabu ya Coryat, iliyoitwa hivyo kwa jina la Karl Coryat aliyewahi kushindana Jeopardy! Kwenye Jeopardy! kila swali ubaoni lina bei yake ya dola. Ukipata, unajiwekea thamani ya swali. Ukikosa, unajitoa thamani hiyohiyo. Ukinyamaza, huna faida wala hasara. Daily Double, pale mshindani anapojitajia dau, unaihesabu kwa bei ya ubaoni tu na ukikosa hukatwi. Swali la mwisho, ambalo kila mshindani huliwekea dau kabla halijasomwa, haliingii kabisa.

Ukijumlisha maswali yote, ubao wa kwanza una dola 18,000 na wa pili 36,000, kwa hiyo kileleni ni 54,000. Jaribuni jioni moja tu kisha mje mniambie mmepata ngapi. Kwangu kilichopungua kwanza ni kelele, maana ukijua kubahatisha kuna gharama, unafikiri kabla ya kufungua mdomo.

KidoleChepesi:
Mkuu, Coryat ni nzuri ila haikupimi kasi, na kasi ndiyo nusu ya mchezo. Kwenye Jeopardy! huruhusiwi kubonyeza kitufe cha kuomba kujibu mpaka mtangazaji amalize kusoma. Kando ya ubao kuna taa ambazo sisi wa nyumbani hatuzioni, zikiwaka ndipo vitufe vinafunguka. Ukiwahi kabla yake unafungiwa kwa robo sekunde, na mwenzako keshajibu.

Kwa hiyo mimi natazama nimesimama, mkononi nina kalamu ya kubofya. Nabofya baada ya silabi ya mwisho ya swali, halafu ndipo najibu. Nisipobofya kabla ya mshindani kuanza kujibu, sijipi alama hata kama jibu nilikuwa nalo. Alama zangu zilianguka vibaya.

Ndiyo maana ile mechi ya 2011, kompyuta ya IBM iitwayo Watson ilipowafunga mabingwa wa Jeopardy! Ken Jennings na Brad Rutter, mimi sikushangazwa sana na akili yake. Ilikuwa inawahi kitufe mno. Kilichonifurahisha ni swali la mwisho la mchezo wa kwanza, kundi la miji ya Marekani, jibu Chicago. Binadamu wote wawili walipata. Mashine ikaandika Toronto, mji wa Kanada, na rundo la alama za kuuliza! Ila dau lake lilikuwa dola 947 tu, kwa hiyo hata ilipokosea haikuumia. Hapo nilivua kofia.

MamaWatatu:
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Nyumbani kwangu ugomvi ni wa dau. Mume wangu anaamini mtu akiongoza atulie, alinde alichonacho. Mimi namwambia James Holzhauer alikuja 2019, kazi yake kamari, akawa anaanza na maswali ya bei kubwa chini ya ubao, akikusanya anamwaga karibu yote kwenye Daily Double. Siku moja akaondoka na dola 131,127, rekodi ya mchezo mmoja. Mzee anajibu, "Huyo hakosei, wewe unakosea." Sasa tukifika swali la mwisho kila mtu anaandika dau lake kwenye karatasi kabla swali halijasomwa, na karatasi hazibadilishwi. Mzee anaweka kidogo kila siku. Anashinda kuliko ninavyopenda kukiri hapa.

Mtulivu:
Mimi wa Millionaire. Tofauti yake ni kwamba majibu manne yanawekwa mbele yako, na hilo linampa mtazamaji ujuzi wa uongo. Ukishaliona jibu unasema "hata mimi ningesema hilo". Mama yangu alikomesha tabia hiyo sebuleni: unataja jibu swali linaposomwa, kabla machaguo hayajatokea, la sivyo umekaa kimya. Ukoo mzima wa wajuaji ulinyamaza wiki hiyo.

Mshiriki ninayemkumbuka hadi leo ni John Carpenter, Marekani, Novemba 1999. Swali la milioni, hajatumia msaada hata mmoja. Akaomba kumpigia simu baba yake, ambayo ni mojawapo ya misaada hiyo, watu wakadhani kakwama. Kumbe alitaka kumwarifu mzee kwamba anakwenda kushinda! Jibu lilikuwa Richard Nixon.

MwanaShaka:
Baba yangu yeye anatazama huku anasema "wamepangiwa hao". Tulibishana miaka. Nilipoanza kusoma historia nikakuta hajatunga. Miaka ya 1950 kipindi cha Twenty-One kilikuwa kinawapa washindani majibu. Herb Stempel aliamriwa ashindwe na Charles Van Doren, na moja ya maswali aliyotakiwa kukosa lilihusu filamu iliyoshinda Oscar, jibu analijua vizuri kabisa. Mambo yalipofumuka, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1960 kufanya upangaji huo kuwa kosa. Nikampelekea baba habari hizo nikidhani sheria itamtuliza. Amechukua nusu ya kwanza tu, ya pili hataki kuisikia.

Kimya:
Langu fupi. Anayetaja mshindi kabla wengine hawajaangalia kipindi walichorekodi afungiwe. Asanteni.

DaftariJekundu:
Mimi naandika nilichokosa, si nilichopata. Baada ya muda daftari linakuonyesha shimo lako liko wapi. Langu ni opera na miji mikuu ya majimbo ya Marekani, ambayo sisi tusio wa huko hatukuifundishwa popote. Halafu utagundua waandaaji wana mazoea yao. Ukisikia mwandishi wa tamthilia wa Norway, ni Ibsen. Mchoraji wa Norway, Munch. Mtunzi wa muziki wa Finland, Sibelius. Huhitaji kuwa umeona mchoro wala kusikia noti moja.

MwanaShaka:
Sasa hapo umejua nini, ndugu?

DaftariJekundu:
Nimejua dola 800. Lakini Sibelius nilimtafuta baadaye nikamsikiliza, na sasa nampenda kweli. Munch bado.

JibuMdomoni:
@KidoleChepesi hiyo kalamu ni ya aina gani?

KidoleChepesi:
Yoyote inayobofya, mkuu. Tafuta isiyo na sauti kama hutazami peke yako.