Likizo ya Desemba, Dubai au nibaki hapahapa Kigoma?

mtoto_wa_mwanga: Wadau habari zenu. Nilikuwa najichanga niende Dubai Desemba ila nimekaa nikawaza, nimezaliwa Mwanga hapahapa Kigoma na hifadhi ya Gombe sijawahi kukanyaga. Nibaki nizunguke kwetu? Na nianzie wapi?

dagaa_mbichi: Baki ndugu yangu! Nenda Kibirizi upande boti, Gombe siyo mbali na barabara ya gari hakuna, ni ziwani tu mwanzo mwisho. Beba kitambulisho cha NIDA maana kiingilio cha raia ni rahisi sana kuliko cha mgeni. Ndo kule yule mtafiti wa sokwe, Jane Goodall, alifika 1960 akamuona sokwe anachuma kijiti, anakipukutisha majani, anakichomeka kwenye kichuguu, akikivuta mchwa wameng'ang'ania na yeye anakula, watu wanatoka Marekani kuja kuona hiyo kitu na sisi tuko jirani! Ila ukiwa na mafua usiende aisee, sokwe wanaambukizwa na wanakufa kweli.

UjijiYetu: Na Ziwa Tanganyika mbona mnalisahau, kina chake karibu mita 1,470, duniani linapitwa na ziwa Baikal la Urusi tu. Tafuta miwani ya kuogelea uchungulie kwenye mawe kule ufukwe wa Jakobsen, kuna samaki wanalea watoto mdomoni, mzazi akishtuka tu anaachama watoto wanaingia ndani. Wengi wao hawapo kokote kwingine duniani.

mtoto_wa_mwanga: Duh asanteni sana. Boti Kibirizi zinaondoka saa ngapi?

dagaa_mbichi: Mara nyingi mchana, ila wahi ukaulize, inategemea na upepo.