Mbuzi kunyonyoka manyoya kwa lusina: ni tanini?

Malisho_Makavu:
Wakuu, mbuzi waliozoea mabua wakipewa majani ya miti ya malisho, lusina na kaliandra, kwa wingi, baada ya muda wananyonyoka manyoya, kinyesi kinakuwa kigumu na wanasusa majani. Wanaozurura kwenye migunga hawana shida hiyo. Ni tanini (ile kemikali ya majani inayokaza mdomo), au kuna sumu nyingine? Na vijidudu vya tumboni vya mbuzi waliozoea vinaweza kuhamishiwa wengine?

Tumbo_Nne:
Mkuu, hapo kuna matatizo mawili. Manyoya ni mimosini, sumu iliyo kwenye lusina, na ncha changa ndizo zenye nyingi. Ikifika tumbo kubwa inageuzwa kuwa sumu nyingine iitwayo DHP, inayovuruga tezi la shingo.

Kususa na kinyesi kigumu, hapo ndipo tanini inapohusika, hasa ya kaliandra. Kwenye tumbo kubwa pH ni 6 hadi 7, na tanini inang'ang'ania protini pamoja na vimeng'enya vya bakteria vya kuvunjia nyuzi. Majani yanabaki tumboni, mnyama anashiba bila kulishwa. Tumbo la nne lina asidi kali, pH chini ya 3.5, na huko protini inaachiwa. Kwa hiyo tanini ya asilimia 2 hadi 4 ya chakula kikavu ina faida. Ikipita 5 hasara huanza.

Mcheuaji:
Kuhamisha inawezekana, na kwa mimosini kumethibitika. Raymond Jones, mtafiti wa malisho wa Australia, aliona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina bila madhara huku wa Australia wakidhurika. Maji ya tumbo la wale wa Hawaii yalipohamishiwa Australia, mifugo ya huko ikaweza kuivunja DHP. Bakteria anayeivunja akaitwa Synergistes jonesii mwaka 1992.

Chukua maji ya tumbo kubwa la mbuzi mwenye afya aliyezoea lusina, aliyechinjwa na kukaguliwa. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye chupa ya chai iliyopashwa hadi nyuzi 39, ijaze hadi juu kwa sababu bakteria hawa hufa wakipata hewa, na utumie ndani ya saa moja. Mpe nusu lita kwa mpira wa tumboni. Ukimimina mdomoni kwa haraka yataingia mapafuni. Anayepewa awe tayari anakula lusina kidogo, la sivyo bakteria watakosa chakula na kupotea.

Tanini za kaliandra ni habari nyingine. Ni za aina nzito, zenye molekuli kubwa, na hakuna bakteria wa tumboni anayezimaliza, wapo wanaozistahimili tu. Usitegemee kuhamisha.

Tumbo_Nne:
Naongeza vipimo. Mbuzi wa kilo 40: anza na gramu 250 za lusina mbichi, panda taratibu kwa wiki tatu, usizidi kilo moja na nusu kwa siku. Kaliandra mpe ikiwa mbichi, maana ikinyauka huliwa kidogo na humeng'enywa vibaya zaidi. Na mashudu usiyachanganye nayo kwenye hori moja: tanini itayashika pia, na mashudu ni ghali. Mashudu asubuhi, kaliandra jioni.